Asilimia 20 ya Nini?

Mwanafunzi wa programu jijini Dar es Salaam akipewa zoezi la mishahara, kujumlisha hakumsumbui; kodi ndiyo humtoa jasho. Tuseme mfanyakazi wa Tanzania Bara analipwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Kwanza hukatwa asilimia 10 kwa ajili ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, zinabaki 540,000 za kutozwa kodi.

Kiasi hicho kimeangukia daraja la asilimia 20. Anayeanza huzidisha zote: 108,000!

La hasha. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu, 250,000 zinazofuata hutozwa asilimia 8, na 20,000 za juu tu ndizo hukutwa na asilimia 20. Jumla 24,000. Kompyuta haitalalamika kwa jibu lolote kati ya hayo mawili. Mwenye mshahara atamfuata mhasibu kabla ya chai ya saa nne.