Taa ya Mchana

Mtu awashapo taa usiku haulizwi sababu. Awashapo mchana huulizwa. Kuuliza huko si kosa. Taa ni silaha ya kupigania giza, na adui akosekanapo silaha hurudishwa alani. Hivyo ndivyo walivyotufunza wazee wetu waliopima mafuta ya taa kwa kibaba, na hivyo ndivyo wanavyofikiri wengi hata leo. Dereva apitaye Nyali adhuhuri na taa za gari lake zikiwaka hafiki mbali kabla hajapungiwa mkono. Mmoja humfumbia na kumfumbulia vidole, yaani, "Taa zako zinawaka." Mwingine humpigia kelele kutoka kando ya njia. Wote wawili wamtakia heri, kwa kuwa wadhani amesahau. Ni vigumu kwao kuamini kwamba mtu mwenye akili zake aweza kuwasha taa chini ya jua kwa makusudi.

Jambo hili ni dogo, walakini ndani yake limelala swali kubwa. Je, mtu ana wajibu wa kutenda tendo ambalo halimfai yeye mwenyewe, ila lamfaa mwenziwe asiyemjua hata kwa jina?

Kwanza tuitazame taa yenyewe. Taa ya gari ina kazi mbili. Ya kwanza ni kumwonyesha dereva njia. Ya pili ni kuwaonyesha watu alipo dereva. Usiku kazi hizi huenda pamoja kama pacha, wala hatupati sababu ya kuzitenga. Mchana ile ya kwanza hukoma, kwa maana jua lamtosha dereva. Lakini ile ya pili haikomi, na wakati mwingine haja yake huzidi.

Chukua mfano wa Daraja la Nyali, liunganishalo kisiwa cha Mombasa na bara ya kaskazini. Daraja la kwanza la hapo, lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa mwaka 1931. Hili la sasa, lililosimama juu ya nguzo, lilifunguliwa mwaka 1980. Asubuhi jua huchomoza upande wa bahari, na atokaye kisiwani kwenda Nyali hulipokea machoni. Jioni hutua upande wa bara, na arudiye mjini ndiye apofuliwaye. Gari lijalo na jua mgongoni mwake huonekana kama kivuli tu, na kivuli hakimwambii mtu kama kimesimama au kinakuja. Masika nayo yanapokuja, mvua hushuka kama pazia, na gari la rangi ya majivu hupotea ndani yake. Taa mbili zikiwaka mbele ya kivuli kile, au ndani ya mvua ile, jicho hutambua mara moja kwamba pana gari, nalo li njiani.

Yuko atakayesema, "Mwenye macho haambiwi tazama." Methali hii ni ya kweli, ila haikusema kwamba mwenye macho huona kila kilicho mbele yake. Jicho huweza kuelekea upande mmoja na moyo ukawa upande mwingine. Mama avukaye njia na mtoto mgongoni na kapu mkononi ana mengi ya kuangalia. Gari lendalo kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa mijini na sheria ya Kenya, hupita mita 14 hivi kwa kila sekunde moja. Mama huyo akilitambua gari sekunde mbili mapema, amezawadiwa mita 28. Mita 28 si kitu kwa msafiri wa mbali. Kwa mtu aliye katikati ya barabara, ni uhai wake.

Mataifa mengine yamelipima jambo hili na kulitungia sheria. Sweden iliwaamuru madereva wote kuwasha taa mchana tangu mwaka 1977. Kanada ililazimisha magari mapya yawe na taa za mchana tangu Desemba 1989, na Umoja wa Ulaya ulifanya hivyo kwa aina mpya za magari madogo tangu mwaka 2011. Lakini yafaa tuwe waadilifu katika kupima. Nchi zile za kaskazini zina majira ya baridi ambayo jua lake huwa dhaifu na karibu na ardhi. Sisi tu karibu na ikweta, na jua letu la saa sita halina haya. Tena ipo Austria, iliyoweka sheria hiyo mwaka 2005 na kuifuta mwanzo wa mwaka 2008. Miongoni mwa hoja zilizotolewa dhidi yake ni kwamba magari yote yakiwaka, jicho la dereva huvutwa na yenye taa, na asiye na taa husahauliwa.

Hoja hii ni nzito, na mahali pa kuipimia ni hapa hapa kwetu. Nenda alfajiri soko la Kongowea. Utaona malori yaliyoshuka kutoka bara na viazi na vitunguu, matatu zikigombea abiria, na pikipiki zikipenya kama sindano katika nguo. Katikati yao utamwona hamali akisukuma mkokoteni, jasho likimtiririka, shehena ikiwa ndefu kuliko kimo chake. Mkokoteni hauna taa, wala mwenda kwa miguu hana, wala mtoto wa shule. Ikiwa taa ya mchana itamfanya dereva aone taa za wenziwe tu, basi imekuwa salamu ya matajiri kwa matajiri, na maskini amezidi kuzama gizani hali jua lawaka.

Basi tuache taa? La. Tuulize taa ni ya nini. Wazee wa pwani walilijibu swali hili kabla ya gari la kwanza kuletwa Mombasa, kwa neno moja: hodi. Mgeni afikapo mlangoni hubisha hodi hata kama mlango u wazi, hata kama ni mchana mweupe. Hodi haimwonyeshi mgeni njia, kwa kuwa njia aiona. Yampa mwenye nyumba nafasi ya kujitengeneza na kujua nani anakuja. Fauka ya hayo, hodi si ruhusa. Abishaye hungoja kuambiwa karibu, na asipojibiwa mara ya tatu, hurudi. Mtu asemaye hodi huku ameshaingia ukumbini hakubisha hodi; ameutangaza uvamizi wake.

Taa ya mchana ni hodi ya dereva. Yamwambia aliye mbele, "Nipo, nami nakuja, jitengeneze." Hayo ndiyo maneno yake yote. Haisemi, "Nipishe," wala haisemi, "Njia ni yangu." Dereva aliyewasha taa bado ana wajibu wa kutazama, kupunguza mwendo na kungoja, tena wajibu wake umezidi, kwa sababu yeye ndiye mgeni mwenye nguvu, na aliye mbele yake ndiye mwenye nyumba dhaifu. Tumezoea kusema, "Mwenye nguvu mpishe." Hilo ni shauri la busara kwa mnyonge apendaye kuishi, lakini si haki ya mwenye nguvu kulidai.

Nilipata kushuhudia yatokeayo neno hili linapokosewa. Karibu na soko hilo, hamali mmoja alisimama na mkokoteni wa machungwa akitaka kuvuka. Dereva aliyekuwa akija aliwasha na kuzima taa zake mara mbili kwa haraka, maana yake, "Ngoja, napita." Hamali aliitafsiri ishara ile kuwa, "Pita, nakungoja," akaingia barabarani. Breki zililia, mkokoteni ukapinduka, machungwa yakatapakaa njiani, na hamali akaanguka, mguu wake umeumia. Watu walikusanyika wakauliza nani mwenye makosa. Dereva alisema, "Lakini nilimwashia taa!" Na hamali, akiwa amekaa chini ameshika mguu, alisema, "Lakini aliniwashia taa!" Wote wawili walisema maneno yale yale, na wote wawili walisema kweli.

Siku ile nilijifunza kwamba ishara ni neno, na neno lenye maana mbili ni hatari kuliko kimya. Kanuni za barabara za Uingereza zaeleza kwamba dereva amulike taa zake kwa kusudi moja tu, nalo ni kumjulisha mwenziwe kuwa yupo. Ni kanuni njema. Lakini kati ya dereva na hamali, mzigo wa kueleweka ulikuwa juu ya nani? Nasema ulikuwa juu ya dereva. Kosa la tafsiri lilikuwa la wote, bali nguvu ya kuua ilikuwa ya mmoja. Mwenye nguvu hiyo hapaswi kusema kwa mafumbo. Asemapo, mguu wake uwe tayari juu ya breki.

Iko ishara nyingine ya taa ambayo kila msafiri wa Kenya aijua. Dereva akiwapita askari wa barabarani, huwamulikia wenziwe wanaokuja ili wajue mbele kuna askari. Wenziwe hupunguza mwendo, hufunga mikanda, hupita kwa adabu. Wakishapita, hurudia mwendo wao. Watu huuita huo ubinadamu. Je, ni ubinadamu kweli? Mtu akimwonya mwenziwe kwamba mbele kuna shimo au ng'ombe njiani, ametenda wema. Lakini amwonyaye mwendesha ovyo ili asikamatwe, amemsaidia kuyahifadhi makosa yake apate kuyatumia mbele zaidi. Ukitaka kuipima ishara, usimwulize aliye ndani ya gari. Mwulize mtoto wa shule angojaye kuvuka: je, taa ile ilimulikwa kwa faida yako?

Kipimo hiki chatukumbusha kitu kilichopo Nyali penyewe. Katika njia panda ya Kengeleni umesimama mnara wa kengele ya Frere Town, mtaa ulioanzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Kiingereza kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kengele ile ilipigwa kuwaonya wakazi kwamba wateka watumwa wanakuja. Onyo lake lilikwenda kwa mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Leo maelfu ya magari hupita karibu na mnara huo kila siku, na baadhi yake hupeana maonyo ya kinyume, mwenye nguvu akimwonya mwenye nguvu, na mnyonge asijue lolote. Tofauti kati ya kengele ile na taa hizi haiko katika chuma wala umeme. Iko katika nia ya apigaye na awashaye.

Tukipatwa na msiba barabarani husema, "Ajali haina kinga." Yamkini ziko ajali za namna hiyo. Lakini tusiitumie methali hii kufunika uvivu, maana wazee hao hao walisema, "Tahadhari kabla ya hatari." Kuwasha taa hugharimu mafuta kidogo na kidole kimoja. Sijui wajibu mwingine wenye bei rahisi hivyo. Wala dereva hatapata shukrani kwa kuutimiza, kwa maana mtu aliyeokoka kwa kuliona gari mapema hajui kwamba ameokoka. Huvuka, huenda zake, hufika nyumbani akala chakula chake. Mema mengi makubwa hutendeka hivyo, bila shahidi.

Nanyi wanafunzi, wengi wenu hamjashika usukani. Leo ninyi ndio wenye kuvuka, na yafaa mjue kwamba taa iwakayo si ahadi ya kusimama. Ngojeni gari lisimame kwa magurudumu yake. Lakini siku yaja ambapo mtakuwa ndani, na wengine watakuwa nje. Siku hiyo, mkifika Kengeleni asubuhi na jua likiwa machoni, mkumbuke hamali na mkokoteni wake. Washeni taa, punguzeni mwendo, kisha mngoje karibu.