Nani Anayeijua Namba?

Mpwa wangu amekataliwa. Aliomba nafasi ya shahada ya uzamili ya takwimu katika chuo nisichokitaja, akajibiwa kwamba wastani wa alama zake za shahada ya kwanza haufiki. Ingeishia hapo ningenyamaza. Lakini alipokwenda kuuliza kama miaka yake ya udadisi vijijini, dodoso moja baada ya jingine, kuanzia Mombo kule Korogwe hadi Kwamsisi upande wa Handeni, nayo haina uzito, mhadhiri mmoja alimjibu kwa upole: kukusanya data ni kazi ya miguu, takwimu ni kazi ya kichwa. Neno hilo limenikaba koo mpaka leo.

Takwimu ni nini, kijana yeyote wa sekondari atakueleza, tusipoteze muda. Ninachouliza mimi ni nani hasa anayeijua namba.

Wapo wanaonipinga kwa haki. Bila aljebra ya matriki na kalkulasi mtu atazama muhula wa kwanza; kweli. Nafasi ni chache na lazima pawe na kizingiti, kweli pia. Ila sielewi idara ya takwimu, kati ya idara zote, inamhukumuje mtu kwa wastani mtupu. Aliyeanza vibaya akamaliza vizuri, na aliyeanza vizuri akaporomoka, wanaweza kulingana wastani hadi desimali ya mwisho. Mwanafunzi wao akileta uchambuzi wa namna hiyo kwenye tasnifu, watamrudishia.

Turudi kwenye miguu na kichwa. Chukua mji mmoja upande wa Sindeni, Handeni. Mzee ana wake wawili, kila mmoja na jiko lake. Mjukuu analala kwa bibi mkubwa ila anakula kwa bibi mdogo, maana huko ndiko waliko wa rika lake. Kijana wa kiume yuko Dar es Salaam na kila mwezi anatuma hela ya unga kwa simu. Dodoso linauliza: kaya hii ina watu wangapi? Mwongozo unasema kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja. Haya, hapa pana kaya moja au mbili? Mjukuu aandikwe wapi? Mdadisi amesimama juani, kishikwambi kinakaribia kuzima, mwenyekiti wa kitongoji anataka kuwahi mazishi. Lazima aamue. Akiandika kaya mbili, wastani wa watu kwa kaya unashuka, na hesabu ya vyandarua inayotegemea wastani huo inabadilika. Miguu ndiyo iliyoamua hayo?

Kinachofanyika pale uani ni kuainisha, na bila kuainisha hakuna cha kuhesabu. Aliye mjini na faili lake anakuta 4 kwenye mstari huu na 5 kwenye ule. Anaweza kukokotoa kosa la sampuli kwa ustadi mkubwa, lakini ile shaka ya uani haimo kwenye faili, kwa hiyo kwake haikuwahi kuwepo.

Hapo wanaonipinga hunijibu kwamba mdadisi anafuata mwongozo tu, aliyefikiri ni aliyeuandika. Hili ndilo linalonipandisha presha. Mwongozo haujifuati wenyewe. Lazima awepo mtu wa kuona kwamba jambo hili lililo mbele yake linaangukia kanuni ile. Ukiandika kanuni ya pili kueleza matumizi ya ya kwanza, utahitaji ya tatu, hadi karatasi ziishe madukani Manundu, Korogwe. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliliandika hili mwaka 1781: uwezo wa kupambanua hukuzwa kwa mazoezi, haufundishiki kwa kanuni, na hata msomi aliyejaa kanuni kichwani huweza kujikwaa katika kuzitumia.

Wala si jambo la madodoso ya kaya peke yake. Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S lililoanza 2009. Watoto 15,459 waliandikishwa. Matokeo ya mwisho, mwaka 2015, yalionyesha kwamba kwa walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi ya nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Lakini ili ugonjwa wa mtoto mmoja uhesabiwe, ilibidi mama aamue kwamba homa hii ni ya kupeleka kituoni, joto lisomeke nyuzi 37.5 au zaidi, na mtu ainamie hadubini akute vimelea zaidi ya 5,000 kwa mikrolita ya damu. Macho yao wote yamo ndani ya ile 36.

Na umri! Mnivumilie, umri ni ugonjwa wangu. Watu wasio na uhakika wa mwaka waliozaliwa hutaja umri unaoishia na sifuri au tano, na grafu huota pembe kwenye 30, 35, 40. Kipo kipimo cha Whipple: 100 maana yake hakuna mrundikano, 500 maana yake kila mtu kataja umri unaoishia na sifuri au tano. Ndiyo maana makarani wa sensa hutumia kalenda ya matukio: Vita vya Kagera, kuzama kwa MV Bukoba. Mpwa wangu alikutana na bibi mmoja Mombo asiyejua mwaka wowote. Akamuuliza: kifungua mimba wako alipozaliwa, shamba la mkonge lilikuwa bado la Mgiriki? Bibi akacheka. Lilikuwa limetaifishwa mwaka uleule. Basi ni 1967.

Hapo ndipo hoja yangu inaponigeukia. Kama mpwa wangu anaijua namba, bibi naye anaijua, na yule mama wa mtoto mwenye homa pia. Wote niwaombee uzamili? Tena zile pembe za grafu huzioni ukiwa kwenye nyumba moja. Hakuna mdadisi aliyewahi kuikuta asilimia 36 imekaa barazani. Mhadhiri anaona kitu ambacho miguu yote ya Handeni haiwezi kukiona, na kinachoniudhi ni kwamba siwezi kusema ujuzi wake unaanzia wapi na wa mdadisi unaishia wapi. Nimemshauri mpwa wangu, kwenye fomu ya chuo kingine, aandike habari ya bibi wa Mombo. Yeye anasema watamcheka, na pale penye uzoefu wa kazi ameandika: mdadisi.