Daftari la Rambirambi Tunalo, la Moyo Liko Wapi?

Wapendwa wangu wa Bombo, nanyi mliotawanyika Maore, Ndungu, Same mjini hadi Dar es Salaam, nisikilizeni.

Nani kasema Wapare hatuandiki? Ingia nyumba yoyote iliyofiwa, uombe daftari la rambirambi. Utaletewa kaunta buku la jalada gumu, mistari imepigwa kwa rula: jina, kiasi, alama ya vema kwa aliyetoa, na neno "ameahidi" kwa yule aliyeishia kuahidi. Aliyeleta mkungu wa ndizi yumo. Wa kilo mbili za sukari yumo. Na mzee anayegombea mpaka wa shamba ameitunza hukumu ya marehemu baba yake ndani ya mfuko wa nailoni, chini kabisa ya sanduku, panya asipofika. Watani wetu hutucheka kwamba tunapenda kesi. Wacheke, lakini kwa kutunza karatasi hawatuwezi.

Sasa nauliza. Usiku ule matanga yalipoanuliwa, majirani wakaondoka na sufuria zao, mjane alilala na nini kifuani? Kaandika nani? Tunajua aliyetoa elfu tano, hatujui mwenye msiba alibaki na nini. Tumeandika ili tuwadai wenzetu, tumeandika ili tuwashinde barazani. Ikifika zamu ya kujiandika wenyewe, tujijue mbele za Mungu, kalamu imekauka!

Ninyi ni watoto wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia, mnanielewa. Maji ya kijito hukusanywa usiku, asubuhi yakafunguliwa kwenye mfereji, yakashuka mashambani kwa zamu. Ndiva isiyofunguliwa hubomoa kingo zake. Na isiyozolewa tope kwa msaragambo, kazi yetu ya pamoja, hujaa mchanga, ikabaki ndiva ya jina tu. Mioyo yetu imefungwa hivyo miaka na miaka: mimba iliyoharibika, mtoto aliyefeli, shamba lililouzwa kwa siri, baba aliyekufa hatujapatana. Halafu tunashangaa mtu mzima anapowaka kama moto kwa sababu ya chumvi kwenye mboga.

Usiniambie kuandika ya moyoni ni mambo ya Wazungu. Fungua Zaburi ya 88, ile yenye jina la Hemani. Inalia tangu mwanzo na kuishia gizani, haina hata mstari wa kufutia machozi mwishoni. Na Mungu akaiacha ndani ya kitabu chake! Yeye hakuyaogopa maneno hayo, wewe unayaogopa kwa nini? Shaaban Robert wa Tanga, jirani yetu kabisa, alipofiwa na mkewe Amina alishika kalamu akamlilia kwa shairi watu wote wakasoma. Mwanamume, tena mwenye kazi serikalini, na heshima yake haikupungua hata chembe. Wazee wangu, mnasikia?

Andika kwa lugha inayokuuma. Kama kilio chako ni cha Chasu, Kipare chetu, usikipeleke shule kwanza. Ernst Kotz, mmisionari wa Kiadventista kutoka Ujerumani, alichapisha sarufi ya Chasu mwaka 1909. Mgeni aliona lugha ya milima hii inastahili karatasi. Wewe uliyeinyonya kwa mama unaionea haya! Tahajia isikusumbue, hakuna mwalimu atakayesahihisha.

Wenye kutaka ushahidi wa kitaalamu nao wasikie. Mwaka 1986 huko Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti wao: wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Walioandika jambo lililowaumiza, tukio lenyewe pamoja na walivyojisikia, walikwenda kutibiwa mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini walipoweka kalamu chini tu, walijisikia vibaya kuliko wenzao. Kwa hiyo ukilia juu ya daftari usidhani umepotea njia. Tafiti za baadaye zimekuta faida ndogo mara nyingi, nami sikuuzii dawa ya maradhi yote. Anayekosa usingizi wiki baada ya wiki, au anayewaza kufa, aende hospitali. Ya Gonja haiko mbali, na kwenda si kukosa imani.

Utasema huna daftari. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe huko Kongo, David Livingstone aliishiwa karatasi na wino. Akaandika juu ya magazeti ya zamani, akikatiza maandishi ya chapa, kwa wino uliotengenezwa kutokana na mbegu za mti. Na wewe una nyuma ya kalenda ya kanisa, una madaftari ya mtoto yaliyobaki nusu.

Utasema, je, mtu akilisoma? Mfalme Yehoyakimu alisomewa gombo la nabii Yeremia, akalikata kwa kisu vipande vipande, akalitupa motoni. Yeremia akamwita mwandishi wake Baruku, wakaandika upya, na mengi yakaongezwa. Kwa hiyo lifiche kadiri uwezavyo, na likichomwa, andika jingine!

Ila nawaonya, kwa kuwa nawajua. Daftari hili lisigeuke faili la kesi. Mke asiandike makosa ya mume kwa tarehe akisubiri kikao cha wazee, wala mume asiorodheshe ya mkwe wake. Ukiandika "alinitukana", usiishie hapo. Andika kilichokuuma ndani ya tusi lile, na kwa nini kilikuuma, na kama lilikuwa na ukweli wowote. Mstari huo wa mwisho ndio mgumu, na wengi wetu tutauruka. Usiuruke.

Vijana, simu mnayo, lakini ya humo mnayaandika ili mpendwe. Nunueni daftari.

Mpendwa uliyeshika karatasi hii, usingoje Mwaka Mpya. Leo usiku, kabla ya kuzima taa, andika tarehe, na chini yake jambo moja la kweli ambalo hujamwambia mtu yeyote.