Wangu Alikunywa, Akapona

Nilikuwa saluni, kichwa nimemwinamishia msusi, msuko wa twende kilioni umefika nusu. Ukiwa unasukwa huna pa kwenda wala pa kutazama. Unabaki na vidole vyako na simu. Ilikuwa mwaka 2019, na kundi letu la malezi la WhatsApp lilikuwa limejaa watu 256, ambao enzi hizo ndio mwisho wa kundi. Akitoka mmoja, admini anaingiza mwingine saa hiyohiyo. Hatukuwa tunajuana. Tulikuwa namba za simu na picha za watoto wamekalishwa mbele ya keki.

Saa 8:14 mchana ukaingia ujumbe usio na nukta wala mkato: "Jamani wapendwa nisaidieni mwanangu kanywa mafuta ya taa wa mwaka na miezi minane nifanyeje".

Sikuhitaji kuelezwa ilivyotokea, kwa sababu nyumba zetu zote ni zilezile. Mafuta ya jiko la Mchina tunapimiwa dukani, unakwenda na chupa yako, na chupa iliyo karibu ni ile ya maji ya kunywa, ya nusu lita. Unairudisha, unaiweka chini pembeni ya jiko. Mtoto anayeanza kukimbia anaijua chupa ile. Jana alinyweshwa maji kwa chupa kama hiyohiyo.

Majibu yakaanza kumiminika. Mpe maziwa. Mpe mawese, yanakata sumu. Mayai mabichi mawili. Saga mkaa, koroga na maji. Maji ya chumvi. Mwingine akaandika pole mama, Mungu ni mwema. Mwingine, katikati ya hayo yote, akatupia picha za madera, bei ya jumla. Na mimi, shingo imenikakamaa, nikaandika: "Mpe maziwa mengi kisha mtie kidole kooni atapike yote. Wangu alikunywa, nikamfanyia hivyo, akapona."

Nitalisema hili moja kwa moja, maana ndilo lililonifanya niandike leo. Sikuwa na wangu aliyekunywa. Aliyekunywa alikuwa mtoto wa dada yangu, Tanga, na kisa chenyewe nilikisikia kwenye simu huku nakaanga samaki. Niliandika "wangu" kwa sababu kwenye kundi lile "nimesikia" haikuwa na uzito. Kila mtu alikuwa amesikia. Mwenye mtoto aliyepona ndiye aliyesikilizwa, nami nilitaka kusikilizwa. Mioyo myekundu ikajipanga chini ya ujumbe wangu. Msusi akanigeuza kichwa upande wa pili.

Saa 8:31 yule mama akarudi: "Ametapika jamani asanteni sana Mungu awabariki". Nililipa, nikatoka saluni na kichwa kipya, nikijiona mtu wa maana mjini.

Baadaye, nilipopata ujasiri wa kuyasoma tena yale majibu moja baada ya jingine, nilikuta la kumi na moja limetoka kwa mtu asiye na hata picha. Maneno matano: "Mpeleke hospitali sasa hivi, usimtapishe." Lilikuwa limebanwa kati ya mayai mabichi na madera. Hakuna aliyelijibu. Halikuwa na kisa ndani yake, na halikumpa mama kitu cha kufanya kwa mikono yake pale alipo, na mama aliyepagawa anatafuta kitu cha kufanya kwa mikono yake. Admini wetu alikuwa nesi. Ujumbe wa yule mama aliuona saa moja usiku alipotoka zamu. Mchana kutwa mikono yake ilikuwa kwa wagonjwa waliokuwa mbele yake, ilhali ya kwangu haikuwa na kazi.

Siku nne zikapita. Usiku wa nne nikapata ujumbe wa pembeni kutoka namba nisiyoijua. "Dada samahani, wewe ndiye uliyesema wako alikunywa mafuta ya taa. Wako alichukua siku ngapi kuanza kupumua vizuri?"

Nilikaa kitandani na simu mkononi mpaka kioo kikazima.

Asubuhi nikapanda bajaji kwenda hospitali aliyonitajia. Mtoto alikuwa amelala chali, mrija wa oksijeni puani umebandikwa kwa plasta mashavuni, na katikati ya mbavu ngozi ikizama kila anapovuta hewa, inazama, inarudi. Mama alikuwa binti mdogo, hata miaka ishirini na mitano sidhani. Akanishukuru kwa kuja.

Daktari wa zamu alituelezea sote wawili, na alitumia neno ambalo hakuna Mswahili asiyelijua: kupaliwa. Mafuta ya taa yakishuka tumboni, alisema, kwa funda moja au mawili aghalabu hayana kishindo kikubwa. Mtoto atanuka, ataharisha kidogo. Balaa ni yakiingia kwenye mapafu. Ni mepesi kuliko mafuta ya kupikia, yanateleza na kusambaa haraka, na kiasi kisichojaza hata kijiko cha chai kinatosha kuwasha mapafu moto. Sasa mtoto amekunywa, yameshuka upande ulio salama. Wewe unamjaza maziwa, unamtia kidole, unayapandisha tena yote mpaka kooni, pale njia ya chakula na njia ya hewa zinapokutana, na mtoto analia, na akilia anavuta pumzi. Unampitisha kwenye hatari ileile mara ya pili, safari hii na maziwa juu yake. Na mkaa? Mkaa unafaa kwa sumu fulani fulani, akasema, ila mafuta ya taa hauyashiki vizuri, na unaweza kumtapisha vilevile.

Yule binti akauliza kama ni kule kutapika ndiko kulikomfikisha pale. Daktari alikuwa mtu mwema. Akasema huenda alipaliwa tangu funda la kwanza, hakuna wa kujua. Lakini alikuwa ameshasema ya kutosha, na macho yangu yalikuwa kwenye vigae vya sakafu.

Kilichopaswa kufanyika, kwa maneno yake, kilikuwa kidogo mno. Kumvua nguo zilizolowa na kumwosha ngozi kwa sabuni na maji, maana yanaunguza. Kutomtapisha. Kutomnywesha kitu kwa nguvu ili kuua sumu. Kuichukua chupa, na kwenda. Hatua nyingine zote ni za hospitali. Hata mtoto akionekana anacheza, anakaa chini ya uangalizi walau saa sita, kwa kuwa kifua kinaweza kuanza kubana baadaye, wakati nyumbani mmeshasema alhamdulillahi. Ndivyo ilivyokuwa. Alitapika, akakohoa, akalala, na kundi zima likapongezana. Jioni pumzi zikaanza kwenda mbio, homa ikapanda, na ndipo akapakiwa bajaji. Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa robo saa kutoka kwao tangu mwanzo.

Kule korido nilimpigia dada. Nikamwuliza yule mwanao alipokunywa mafuta ya taa ulimpa maziwa kiasi gani. Akacheka. "Yule? Hakunywa yule. Alijimwagia tu, tukamkuta ananuka mwili mzima. Mimi ndiye niliyemlazimisha maziwa kwa hofu zangu."

Kwa hiyo hata ile dawa niliyoishuhudia kwa jina langu haikuwahi kumponya mtu.

Wako watakaosema kwamba hata zamani tulikuwa tunaita majirani, na majirani nao walikuja na maziwa. Kweli walikuja nayo. Lakini jirani akija anamwona mtoto. Anaona midomo imebadilika rangi, anasikia anavyokorota, na hata akiwa mjinga kama mimi, atambeba mgongoni mtoke mbio naye barabarani. Mimi sikumsikia mtoto akikohoa. Nilisikia dryer ya saluni. Na mtu wa mbali anayejua kazi yake kwa kawaida anakuuliza kwanza: amekunywa saa ngapi, anakohoa, anapumuaje? Nilirudi kutafuta maswali ya namna hiyo kwenye majibu yetu. Nililiona moja: "Vipi anaendeleaje?" Lilitumwa kesho yake.

Leo hapa Tanzania kuna namba 199 ya Wizara ya Afya, kupiga ni bure. Siku ile, kwenye kundi la watu 256, hakuna aliyeandika namba yoyote ya kupiga, nami sikuwa na ya kuandika.

Nikarudi wodini nimeshaamua. Binti alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, simu ileile mkononi, macho yakienda kwenye kioo na kurudi kifuani kwa mwanawe. Nikaanza: "Mdogo wangu, nina jambo. Lile nililoandika kwamba wangu..."

Akaninyooshea kiganja, ninyamaze. Nesi alikuwa amemfundisha kuhesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa mtoto wa umri ule, zikifika arobaini na kuendelea, aite mtu. Asubuhi zilikuwa hamsini na mbili. Midomo yake ilikuwa ikienda bila sauti, nami nikasimama pale na maneno yangu mdomoni, nikisubiri dakika iishe.

"Thelathini na nane," akasema. Kisha akanigeukia. "Ulikuwa unasemaje, dada?"