Je, Mzazi Aliyetoa Mtoto Aweza Kumrudia?

Sheria ya Watoto ya Uganda inasema jambo moja waziwazi kuhusu mzazi anayekubali mtoto wake aasiliwe: ridhaa yake ni ya lazima, na anaweza kuiondoa wakati wowote kabla mahakama haijatamka amri. Ikishatamkwa, basi. Haki zote za mzazi zinahamia kwa wazazi wapya, na aliyemzaa mtoto anakuwa, mbele ya sheria, sawa na jirani. Mwanafunzi wa sheria anaweza kuridhika na jibu hilo. Mimi sijaridhika. Sisemi kwamba sheria ni mbaya, ila swali la maadili halifungwi siku faili linapofungwa. Je, mtu aliyesema "mchukueni" ana haki ya kusema "nirudishieni"? Na kama anayo, inadumu kwa muda gani, na anamdai nani?

Naanzia kwenye barabara ya Koboko hadi Arua, kwa kuwa niliipita mwenyewe. Nilikuwa na miaka minne mama aliponipeleka kwa dada yake mkubwa mjini Arua. Nyumbani kulikuwa na mtoto mchanga mgonjwa, na mihogo ya mwaka ule ilikuwa imeharibika. Hakukuwa na karatasi wala shahidi. Mama mkubwa alinipikia enyasa, akanilipia shule, akanichapa nilipostahili, nami nikamwita mama. Baada ya miaka mitano mama alikuja na mfuko wa karanga, akasema hali imetengemaa, amekuja kumchukua mtoto wake. Mama mkubwa hakubishana. Aliingia ndani akafunga nguo zangu. Hakuna aliyeniuliza mimi. Nilikaa Koboko muhula mmoja tu. Nilikuwa sili wala sisemi, mwishowe mama mwenyewe akanipandisha gari kurudi Arua.

Wenzangu wengi wa West Nile wana habari kama hii, na wengine wana nzito zaidi. Huku mtoto ni daraja. Anapelekwa kwa bibi aliyebaki peke yake, kwa shangazi asiyezaa, kwa mjomba aliye karibu na shule. Wakakwa wanakaa katika nchi tatu, Uganda, Kongo na Sudan Kusini, na mtoto anaweza kuzaliwa upande mmoja wa mpaka akakulia upande wa pili bila mtu kuona ajabu. Ridhaa inayotolewa katika utaratibu huo haina tarehe ya mwisho. Aliyempa mtoto hajamwacha, amemweka mahali. Anaweza kuja kumtazama sikukuu, na anaweza, kama mama yangu, kuja kumchukua. Mlezi analijua hilo tangu siku ya kwanza. Huenda linamuumiza, lakini hakudanganywa.

Kuasili ni kitu kingine kabisa. Ukilisikiliza neno lenyewe, ndani yake unasikia "asili", kana kwamba mtoto anapewa chimbuko jipya. Sokoni Arua, kwa Kiswahili chetu cha hapa, watu hawalitumii. Wanasema "kulea", "kusaidia mtoto", "kumchukua mtoto". Ndipo tatizo la kwanza linapozuka. Mama wa kijijini anaposimama mbele ya ofisa wa ustawi wa jamii na kuambiwa kwa lugha anayoisikia nusu kwamba kuna watu wazuri wanataka kumchukua mtoto wake wamsomeshe, kichwani mwake anaona kile alichokiona maisha yake yote: mtoto kwenda kwa mama mkubwa. Anaweka dole gumba. Karatasi imeandikwa Kiingereza, nayo inasema jambo ambalo desturi yake haina hata jina lake, yaani kwamba mtoto huyu hatakuwa tena wake.

Hofu hii haikuzuliwa na wanafunzi. Mwezi Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mwenzi wake kwa kuhusika na mpango wa kuwapeleka watoto Marekani kwa njia ya kuasiliwa. Wazazi vijijini waliahidiwa kwamba watoto wao wangekwenda Kampala kusoma. Walikubali masomo, kumbe walichotia sahihi kilikuwa utengano. Mzazi kama huyo akirudi kusema "nirudishieni", hatuwezi kumwambia kwamba amebadili nia. Nia yake ni ileile. Karatasi ndiyo iliyobadilika mikononi mwa watu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalikuwa yamekwisha kuweka njia ya kuiomba Mahakama Kuu ifute amri iliyopatikana kwa ulaghai, na pia yalizuia wageni kupewa ulezi wa kisheria, mlango ambao wengi waliutumia kuwatoa watoto nchini. Kuhusu ulaghai, basi, sina ubishi na mtu. Palipo na udanganyifu hapakuwa na ridhaa, na kisichokuwapo hakihitaji kuondolewa.

Kesi ngumu ni ile isiyo na mhalifu. Tuseme yuko msichana wa Koboko aliyezaa akiwa shuleni. Amefafanuliwa kila kitu kwa Kikakwa, polepole, mara tatu. Hakuna aliyempa hata shilingi. Anaelewa, anakubali, anatia sahihi. Miezi minane baadaye anaota mtoto kila usiku, au amepata kazi, au mama yake aliyekuwa amekasirika amelainika. Anataka kurudi nyuma. Je, ana haki?

Rafiki yangu mmoja wa darasani, Mlugbara mwenye msimamo mkali, ananijibu kwamba ahadi ni ahadi. Akiuza ng'ombe Jumatatu hawezi kumdai Ijumaa kwa kuwa amemkumbuka. Nadhani mfano wake unajibomoa wenyewe. Ng'ombe anauzwa, mtoto, kwa sheria yetu na kwa dhamiri ya kila mtu, hawezi kuuzwa, na mahakama inatakiwa kuhakikisha kwamba hakuna malipo yaliyopita chini ya meza. Ridhaa ya mzazi si bei wala mkataba. Mzazi hamilikishi mtu mali, anaiambia jamii, "kwa ninavyojua leo, mtoto huyu atapona zaidi kwingine." Hayo ni maelezo ya hali kuliko ahadi, na hali ikibadilika, si uongo kuyabadili maelezo. Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 34, inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake na kulelewa nao, au na wale wanaostahili kisheria. Ridhaa ya mzazi, kwa hiyo, inagusa haki ya mtu wa tatu ambaye hakuwapo kwenye mazungumzo, au alikuwapo akinyonya.

Lakini hoja hiyo hiyo inanigeukia. Kama ridhaa si kumilikisha, basi kuiondoa nako si kudai mali. Msichana wetu hawezi kusema "ni wangu" na mjadala ukaisha. Mtoto wa miezi minane amekwisha kujua harufu ya mtu anayembeba. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nilirudishwa kwa mama aliyenipenda, dini ileile, chakula kilekile, na bado mwili wangu ulikataa. Mzazi anayeweza kurudi wakati wowote bila kikomo anamfanya mtoto kuwa kitu cha kuazimana. Na mlezi anayejua kwamba mlango unaweza kugongwa siku yoyote huenda akapenda kwa nusu moyo, na mtoto atakula hiyo nusu.

Kwa hiyo muda una uzito, na hapa nchi zimejaribu kuuhesabu. Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 2002, ridhaa ya mama haifai kitu ikitolewa kabla ya wiki sita tangu kujifungua. Afrika Kusini inampa mzazi siku 60 baada ya kutia sahihi abadili nia. Sheria yetu haikuchagua hesabu ya siku. Imechagua tukio, yaani kutamkwa kwa amri. Mwanzoni niliona huo ni upungufu. Sasa naona una hekima yake, kwa sababu kabla ya amri mwombaji anatakiwa kwanza awe amemlea mtoto chini ya uangalizi wa ofisa, na kipindi hicho cha kulea, bila kuitwa hivyo, ndicho kipindi cha mzazi kufikiri. Kwa wageni kilikuwa miaka mitatu. Mwaka 2016 kikapunguzwa kuwa mwaka mmoja. Waliopunguza walimfikiria mtoto anayesubiri na mlezi anayesubiri, nao wana haki ya kufikiriwa. Sikumsikia mtu akisema kwamba kwa kufupisha ulezi tulifupisha pia nafasi ya mama kugeuka. Lakini kadiri unavyomwongezea mama muda wa kufikiri, ndivyo mtoto anavyozidi kuota mizizi huko aliko, na kila mwezi wa huruma kwa mama unalipwa na mtoto. Sijaona njia ya kulikwepa hilo.

Makambi ya wakimbizi yanayotuzunguka yanalionyesha jambo hili kwa ukali zaidi. Baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016, watoto wengi walivuka mpaka bila wazazi, wakawekwa kwa walezi huko Rhino Camp, Bidibidi na Imvepi. Lobule, wilayani Koboko, ilikuwa imekwisha kupokea Wakongomani tangu 2013. Mwongozo wa UNHCR unataka kuasili kusifikiriwe mapema katika hali kama hiyo. Kwa kawaida wasubiri walau miaka miwili wakiwatafuta wazazi. Wazazi hao hawakutoa ridhaa yoyote, vita ndivyo vilivyotoa. Hata hivyo baba anapotokea baada ya miaka mitatu akiwa na picha iliyokunjwa mfukoni, swali la mtoto ni lilelile nililokuwa nalo mimi: huyu ni nani, na kwa nini nafunga nguo? Tofauti ya lawama kati ya mzazi aliyetoa na mzazi aliyepoteza ni kubwa kwetu watu wazima. Kwa mtoto haipo kabisa.

Dini zetu mbili zinakutana hapa kwa namna inayonishangaza. Wakristo wanajua kesi ya Sulemani na wanawake wawili. Tunaisoma kama hadithi ya akili ya mfalme, lakini tazama mama anafanya nini: anatoa ridhaa. Anasema mtoto apewe mwenzake, maadamu aishi. Na mfalme anaichukua ridhaa ile kuwa ushahidi kwamba mtoto ni wake. Mahakamani kwetu maneno yaleyale yangepigwa muhuri na yangekuwa ushahidi wa kinyume. Sisemi mahakimu wawe akina Sulemani. Nasema tu kwamba tumezoea kuiona sahihi ya mzazi kama dalili ya kuchoka na mtoto, na mara nyingi ni dalili ya kumpenda. Anayeirudia baada ya mwaka si kigeugeu, ni yuleyule.

Waislamu nao, ambao ni wengi Koboko, wanajua habari za Zayd bin Haritha. Alitekwa utotoni akauzwa, akafika nyumbani kwa Mtume. Baba yake alimtafuta mpaka Makka, tayari kumkomboa. Mtume hakumkatalia baba, wala hakumkabidhi kijana. Alimwachia Zayd achague, na Zayd akachagua kubaki. Baadaye, ilipoteremshwa katika Sura ya Al-Ahzab kwamba watoto wa kulelewa waitwe kwa baba zao, akarudi kuitwa mwana wa Haritha. Alibaki kwa mlezi, akabaki na jina la baba. Sheria yetu inataka ridhaa ya mtoto aliyetimiza miaka 14. Kwa walio chini ya hapo matakwa yao hufikiriwa kadiri ya umri wao, na nina shaka kama "kufikiriwa" huko hufika mbali kuliko nilivyofikiriwa mimi siku ile.

Msimamo wangu, basi, ni huu. Kabla ya amri, mzazi aruhusiwe kuondoa ridhaa bila kutoa sababu, kama sheria inavyosema, ila haki hiyo iwe na miguu. Mama wa kijijini asiyejua tarehe ya kesi na asiye na nauli ya kufika mahakamani hana haki, ana maandishi. Aitwe, aelezwe kwa lugha yake, aulizwe tena mara ya mwisho siku yenyewe, si kwa kiapo alichokitia sahihi mwaka uliopita. Baada ya amri, pasipo ulaghai, asipewe haki ya kumrudisha mtoto. Nasema hivyo nikijua uchungu wake. Lakini asifutwe. Kuasili kwa namna ya kwetu kungeweza kumwachia alichoachiwa Haritha: ajulikane, atajwe, aje sikukuu. Rafiki yangu Mlugbara anasema hapo nimechanganya mambo, kwamba kuasili kunakoacha mlango wazi ni kulea tu kwa jina la kifahari. Huenda. Mimi naona ndiko kuasili pekee ambako mama wa Koboko angeweza kukubali huku akijua anachokubali.

Likizo iliyopita nilikwenda kumsaidia mama kuvuna karanga. Nilimuuliza kama aliwahi kujuta. Aliendelea kupukuchua, kisha akaniuliza: "Kujuta kwa lipi, kukupeleka au kukurudisha?" Nikakosa la kusema, naye hakungoja jibu, alinituma nikalete gunia jingine.