Nauli ya Mleta Habari



Mwezi huu twapenda kuuliza swali moja na kulitafutia jibu kadiri ya uwezo wetu. Je, mtu aliyelipiwa nauli na mwenye shughuli aweza kusema kweli juu ya shughuli hiyo? Swali hili hatukulibuni. Limetupata hapa hapa Karema, na hatuna budi kukiri kwamba limetuaibisha.

Wale wa rika letu mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Sisi tulikuwa watoto wa shule. Wazazi walikusanyika kuizunguka redio, wakasikiliza mafundisho juu ya vyoo na maji safi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba. Haikutupitia akilini kuuliza ni nani anayemlipa yule asemaye. Alikuwa mtumishi wa Redio Tanzania Dar es Salaam, mwenye mshahara wake, kama sisi walimu tulivyokuja kuwa na wetu.

Siku hizi redio ni nyingi, na hata sauti ya kijiji chetu yaweza kusikika mbali. Lakini anayeipeleka sauti hiyo mara nyingi hana mshahara. Huyu ndiye aitwaye mwandishi wa kujitegemea. Hulipwa kwa kila habari iliyotangazwa; isiyotangazwa ni hasara yake. Simu ya kurekodia ni yake, vocha ni yake, petroli ya pikipiki ni yake, na akianguka njiani, mguu uliovunjika ni wake pia. Kutoka Mpanda mpaka hapa ni zaidi ya kilometa 100, na njia yetu ya masika mnaijua wenyewe. Kwa hiyo mwenye shughuli humlipia usafiri, humpa chakula, na wakati wa kuagana humtilia bahasha mkononi. Wenyewe huiita mshiko.

Sasa tusimulie kisa chetu. Kijana mmoja tuliyemfundisha ndiye afanyaye kazi hiyo, akipeleka habari kwa redio zaidi ya moja. Kamati yetu ya kujenga bweni la wasichana ilimwita siku ya kuchangisha. Tulimlipia petroli, tukamlisha ugali kwa migebuka, tukamtilia shilingi 20,000 katika bahasha. Siku ya tatu tukakaa karibu na redio, tumetulia, tukingoja kusifiwa.

Alitaja michango iliyopatikana. Akamtaja mwenyekiti. Kisha akasema kwamba wasichana bado wanalala darasani, kwamba msingi wa bweni umekaa miaka mitatu bila ukuta, na kwamba mzazi mmoja aliuliza hesabu ya michango ya zamani itasomwa lini.

Tulikasirika sana. Mmoja wetu alisema, "Amekula samaki wetu, na shukrani yake ndiyo hii!" Tukamwita. Alikuja, akatuamkia kwa heshima, "Shikamoo, Mwalimu." Tukamwuliza kwa nini ametutenda hivyo. Akajibu pole pole, "Mwalimu, kuna neno la uongo nililosema?" Halikuwapo. "Basi mlinipa nauli nije nione. Nilikuja, nikaona. Ile ya bahasha nimemlipia mdogo wangu ada. Kama mwaitaka, nitairudisha kidogo kidogo."

Hakuna aliyemjibu. Sisi tuliokuwa tukimfundisha kijana huyu kusema kweli ndio tulioketi pale tukimdai kwa kuwa ameisema. Tulidhani tumelipa bei ya petroli; kumbe moyoni tulikuwa tumelipa bei ya kunyamaza.

Wengine watasema, jibu ni rahisi: asipokee kitu cha mtu. Neno hilo ni rahisi kwetu sisi tulio na pensheni. Nasi pia tulipokuwa kazini, wazazi walituletea kuku wakati wa mitihani ukikaribia. Tuliwala. Wengine wetu tulimpa mtoto alama alizostahili, lakini tusije tukajidanganya kwamba kalamu haikutetemeka. Wajibu wa kwanza wa kumlipa mwandishi ni wa redio inayotangaza kazi yake, na hilo lisemwe waziwazi. Lakini mpaka siku hiyo ifike, asipopokea nauli hatafika Karema.

Tena kuna hatari kubwa kuliko uongo. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, nchi yetu ikishirikiana na jirani zetu, ili samaki wapate kuzaliana. Sababu ilikuwa njema, na waliokuwa na jukumu la kuitangaza waliitangaza. Lakini mama anayeanika dagaa, na kijana anayevuta nyavu za mwenzake kwa ujira, wangekula nini miezi mitatu? Hiyo nayo ni habari. Nani atamlipia mwandishi nauli aje aisikilize? Yule mama hana bahasha. Ndipo tunapoona kwamba ubaya wa bahasha hauishii katika kununua maneno. Bahasha huchagua ni nani atakayetembelewa. Habari zote zaweza kuwa za kweli, na bado maskini akawa hakutajwa hata mara moja.

Mtume Paulo alijitegemea kwa kushona mahema pale Korintho, akakataa kuwalemea watu wa mji ule. Lakini Wafilipi walipomtumia msaada aliupokea, akawashukuru katika barua iliyosomwa mbele ya wote. Kwa hiyo kupokea si dhambi. Deni lililo wazi halimfungi mtu sana. Lile la kificho ndilo linalomfunga ulimi.

Kutokana na hayo, twaona mambo matatu yafaa. Kwanza, msaada wa mwandishi usifichwe: atoaye auandike, naye apokeaye aseme hewani ni nani aliyemleta. Pili, aliyetoa aachilie. Akishatoa nauli, asidai neno. Tatu, sisi wasikilizaji, tunaopenda redio itusemee, tuchange mara moja moja nauli isiyo na mwenyewe. Tumpe kijana bila kumwelekeza, aende mwaloni akamwulize yule ambaye hajaulizwa.

Hatusemi kijana wetu ni malaika. Siku nyingine njaa itamzidi, naye atanyamaza pale palipopasa kusema. Lakini siku hiyo, kabla hatujamhukumu, tujiulize ni mkono wa nani uliomtilia bahasha.

Hesabu ya michango ya bweni, ya zamani na ya sasa, itasomwa mbele ya wazazi katika mkutano ujao. Kijana ameitwa. Petroli yake imekwisha kuandikwa katika kitabu, ukurasa ule ule utakaosomwa.