Breki na Amri ya Tano

Mtu atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi hupita Kibiti, kisha huvuka mto Rufiji. Zamani magari yalingoja kivuko pale Ndundu. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, watu huvuka bila kungoja. Twamshukuru Mungu. Lakini kivuko kilikuwa na faida moja: kilimsimamisha dereva, naye akipenda akapata nafasi ya kutazama matairi yake. Leo hakuna amsimamishaye ila dhamiri yake.

Mara nyingi twaletewa magari tuyabariki, nasi twayabariki kwa furaha. Hata hivyo, baraka si badala ya breki. Aombaye ulinzi wa Mtakatifu Kristofa, hali ajua kwamba matairi yake yamekwisha, amjaribu Mungu. Mwezi Juni 2007 Vatikano ilitoa mwongozo wenye amri 10 za madereva, na ya kwanza yakataza kuua. Ndiyo Amri ya Tano ileile tuliyofundishwa katika katekisimu. Basi auaye kwa uzembe asisingizie mapenzi ya Mungu.

Kila mwenye gari hana budi kujifunza haya machache. Kabla ya safari, gari likiwa mahali tambarare na injini imepoa, achomoe kijiti cha oili, akipanguse, akirudishe, kisha akichomoe tena na kutazama. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, yaelekea maji yameingia. Asiwashe, amwite fundi. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kikiwa cha moto. Mafuta ya breki yakipungua, asiongeze tu na kwenda zake, bali aulize yamekwenda wapi. Akipita penye maji, kama watu wa Rufiji na Kibiti walivyoyaona katika mafuriko ya mwaka 2024, akanyage breki taratibu mara kadhaa zikauke kabla ya kuziamini.

Nao wenye boti za mashine huko delta wakumbuke kwamba chumvi hula chuma. Warejeapo Nyamisati, waioshe mashine kwa maji matamu, ndani na nje.

Wale wanawali wenye busara hawakusifiwa kwa mbio zao, bali kwa mafuta waliyoyaweka tayari. Ndugu dereva, nyuma yako wameketi watoto wa watu. Robo saa ya asubuhi juu ya injini ni upendo wa jirani, nayo yaweza kuwa sala iliyo njema.